Bata wa Mzee Kisilu na Maji ya Karai

Nilipofungua kibanda cha Mzee Kisilu, jirani yangu hapa Kabati, nilirudi nyuma kama niliyepigwa kofi. Bata sita walisimama wameinamisha vichwa, macho yamegandishwa na matongo. Mmoja alitembea akigonga ukuta, akageuka, akagonga tena.

"Mzee, hawa wanapofuka!"

"Ni ugonjwa. Maji nawapa, usiniangalie hivyo."

Aliwapa kweli, kwa chombo cha kuku, ambamo bata anaingiza ncha ya mdomo tu. Mzee Kisilu aliuza maji kioskini mpaka akazeeka. Mteja akimwaga hata kikombe kimoja, alimgombeza mbele ya foleni. Hata mikono yake aliinawia penye shina la mpapai, maji yasipotee bure. Mkewe alipofariki, Syombua, dada yake mzee, alimletea bata hao kutoka Mbooni ili boma lisikae kimya. Mzee akawafungia, wasichezee maji.

Nilishindwa kunyamaza. Kiumbe wa maji kufungiwa pakavu, kwa jina la kuweka akiba! Kesho yake tulimbeba yule mgonga ukuta kikapuni hadi kwa Syombua, bondeni huko Mbooni, penye vijaruba vyake vya mpunga.

Huko mzee alishika kichwa. Bata walikuwa wakiogelea katikati ya mistari ya mpunga, wakizamisha vichwa na kurusha maji.

"Syombua! Umewaachia maji yote haya? Na mpunga?"

"Wanakula magugu na wadudu. Mpunga ukianza kutoa masuke nitawatoa." Akafunua kikapu, akamtazama bata wetu. "Kwani kaka, wewe siku hizi huoshi uso?"

Alimtia mgonjwa majini. Bata akazamisha kichwa, akainua, akazamisha tena na tena. Matongo yakalainika. Jicho moja likafunguka, jeusi, likamtazama mzee.

Mzee aliketi kwenye tuta. "Kumbe ni mimi," akasema.

"Waache wote waje huku," nikamsihi.

"Nani ataniamsha asubuhi? Wewe?"

Tulirudi na bata wetu. Jioni hiyo mzee alileta karai, akainua mtungi, akasita, kisha akaumimina wote. Bata walilivamia karai kwa vurugu. Maji yakaruka, yakatiririka mchangani, yakapotea.

Mzee aligeukia ukuta.

"Niambie wakimaliza," akasema. "Siwezi kutazama."

"Bado, mzee."

"Bado?"

"Ongeza mtungi mwingine."

Alikohoa, akauendea.