Siku Baba Mkwe Alipopanda Lori la Kambove

Jumamosi ile bado iko wazi kichwani mwangu, mwanangu. Nilikuwa barazani kwetu Kikula, hapa Likasi, nimekaa kwenye cherehani, namalizia gauni la komunyo ya kwanza la binti wa jirani. Mume wangu Deo akatoka ndani, akasimama mbele yangu, na bila hata kuvuta kiti akaniambia, "Miye nitakamata chumba kule Kambove. Nitakuwa narudia siku ya Mungu tu."

Mguu wangu ukasimama kwenye kanyagio.

Siku hizo tulikuwa bado vijana. Binti yetu Rosalie alikuwa hajaanza shule, na mdogo wake nilikuwa nambeba mgongoni huku nashona. Deo alikuwa fundi wa pampu katika kiwanda kimoja huko Kambove. Asubuhi, jua halijatoka, alikuwa anakwenda kwenye mzunguko wa barabara kungojea lori la kiwanda, na jioni lori hilo hilo lilimwaga watu pale pale, wekundu wa vumbi mpaka kwenye kope. Wewe leo ukisikia Kambove unasema ni hapo tu, si mbali. Kweli, kwenye ramani si mbali. Lakini mtu hasafiri kwenye ramani.

Na mtu aliyekuwa ananirudia jioni hakuwa yule niliyefunga naye ndoa. Deo niliyemjua mimi alikuwa mtu wa mdomo, mtu wa kucheka mpaka anashika ukuta. Huyu wa lori alikuwa anaingia, anakula bukari yake, ugali wetu huo, kimya, na mtoto akimgusa goti anamwambia, "Enda kwa mama yako." Rosalie akajifunza. Akawa akisikia mlango anahamia upande wa jiko.

Sasa chumba. Niliogopa, mwanangu, nisikudanganye. Jirani yetu mmoja, mama wa watu mpole kabisa, mume wake naye alianza hivyo hivyo. Alipata chumba karibu na kazi, kurudi kila Jumapili. Jumapili zikawa moja kwa mwezi. Halafu yakaja maneno kwamba kule kuna mtu anamfulia. Mwisho alikuja mchana mmoja kuchukua kitanda. Kitanda! Sisi wote wa mtaa tukasimama kuangalia kitanda kikipita.

Nikamuuliza Deo, "Ni miye ndiye niko nakuchokesha?"

Akasema, "Hapana. Ni kazi. Sina tena nguvu." Akakwenda zake kulala, mchana ule wa Jumamosi, viatu mguuni.

Sikumfuata. Nilimfunga mtoto vizuri mgongoni, nikashika mkono wa Rosalie, nikaenda kwa baba mkwe.

Papa Monga alikuwa mstaafu wa reli. Maisha yake yote alikuwa seremala wa mabehewa. Viti vya mbao ambavyo watu walikalia kwenda mbali, ni mikono yake. Alikuwa mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili, na hakuwa na habari na aibu. Nilimweleza kila kitu. Nilitegemea atakuja kumgombeza mtoto wake, basi. Alisikiliza huku anajikuna kidevu, kisha akasema, akiliita lori kwa jina letu la kamyo, "Muzuri. Jumatatu ntapanda iyo kamyo. Nataka miye mwenyewe nione kitu chenye kukula mutoto wangu."

"Papa, chauffeur atakatala."

"Akatale nione."

Sijui alimwambia nini yule dereva. Ninachojua ni kwamba Jumatatu alfajiri, katika baridi yetu ile ya kiangazi inayouma masikio, Deo alifika kwenye mzunguko akamkuta baba yake amevaa koti la reli, kofia ya sufu na skafu ya mama mkwe, anasalimia watu mmoja mmoja kwa mkono kama padri mlangoni mwa kanisa. Deo aliniambia baadaye kwamba alitamani ardhi impasukie.

Jioni ile nilisikia sauti ya mzee kabla hawajakata kona. Wakaingia wote wawili. Nywele za Papa zilikuwa kijivu asubuhi, sasa zilikuwa nyekundu. Rosalie alimwangalia, akacheka, na mzee akatingisha kichwa makusudi ili vumbi limwangukie.

Mimi nilikuwa na mambo yangu mdomoni. Mtoto alikuwa amekohoa siku nzima, unga ulikuwa umeisha, sindano ya cherehani ilikuwa imevunjika. Deo hajavuka kizingiti vizuri, nikaanza, "Sasa ona, unga..."

Papa akainua mkono. "Ngoja kidogo, mutoto wangu. Muntu bado hajafika."

"Si huyu hapa, Papa?"

"Miguu ndiyo imefika. Mwenyewe eko bado mu kamyo."

Akaomba maji. Akamkalisha Deo nje kwenye ukingo wa baraza, akamwambia anawe uso, anawe mikono, anywe kikombe kizima taratibu. Naye akafanya vile vile. Walikaa pale mpaka nikaona mabega ya mume wangu yanashuka. Nakuambia nilishangaa. Sikuwa najua kwamba mabega yake yalikuwa yamepanda, niliyazoea hivyo.

Hapo ndipo mzee alipoanza kusema, na alisema na sisi wote wawili.

"Deo, ulikuwa unasema ni kazi. Leo nimeshinda kwenye geti, nimeuliza wenzako. Kazi yako iko muzuri, wanakusifu. Ni njia ndiyo iko nakukula. Munasimama ndani ya ile kamyo sawa mifuko ya makala ya kupikia, kila muntu anasukumana apate nafasi nyuma ya kabina ili upepo usimupige. Munafika kazini munakasirika, munarudia munakasirika. Na yule mwenye kusimama kando yako, yule wa njiwa, jina yake nani?"

Deo akasema, "Sijue. Njiwa gani?"

"Anafuga njiwa! Bibi yake eko karibu kuzaa, na yeye anaogopa. Bega yake na yako kila siku, na hujue jina yake? Anaitwa Kyungu."

Ungeuona uso wa Deo. Siku moja tu mzee alikuwa amemaliza lori zima: nani anatoka mtaa wa Panda, nani anaimba kwaya, nani meno yanamuuma, nani amegombana na shemeji yake.

Akanigeukia mimi. "Na weye, usimupigake na matatizo kwenye mlango. Acha kwanza afike." Halafu, kabla sijajibu, akamrudia mtoto wake na kidole juu. "Lakini ukisha kufika, umefika! Unabeba mutoto, unauliza siku ya bibi yako. Anashona tangu asubuhi na mutoto mugongoni. Yeye naye anatoka safari, ni vile tu hakupanda kamyo."

Nililia kidogo hapo, mwanangu. Siyo kwa uchungu. Ni kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa amelisema hilo, hata mimi mwenyewe.

Deo hakuahidi kitu. Alisema mwenye chumba wa Kambove anangojea jibu mwisho wa juma. Papa akamwambia sawa, wewe ni mtu mzima, lakini mpaka siku hiyo unipe ruhusa nishughulikie lile lori. Alitamka "lile lori" kama daktari anavyotaja jipu.

Alichofanya kilikuwa rahisi, na ndiyo maana hakuna aliyekuwa amekifikiria. Alikwenda kwa dereva tena, safari hii na chupa ya munkoyo baridi, kinywaji chetu cha mahindi, ile mama mkwe alikuwa anapika tamu kupita zote mtaani, akamwomba aruhusu mabenchi. Mabenchi ya kufunga na kufungua, ili lori likitakiwa kubeba mizigo yatoke bila shida. Dereva akamuuliza msimamizi wake kiwandani, msimamizi akasema kama hayaharibu gari, wajipangie wenyewe. Wale wasafiri wakaambiwa kila mmoja alete ubao aliokuwa nao nyumbani, hata kama ni wa mlango mbovu.

Jumamosi iliyofuata uwanja wetu ulijaa wanaume. Sijawahi kuona fujo nzuri kama ile. Papa alikuwa anatoa amri kama yuko tena karakana ya reli, wengine wanapima, wengine wanapiga msumeno, wengine hawafanyi lolote ila kutoa ushauri. Kyungu wa njiwa alileta turubai la zamani lililochanika. Nililiweka kwenye cherehani, sindano mpya, nikalishona liwe pazia la kuzuia upepo pande zote mbili za lori. Nilivunja sindano nyingine. Sikujali. Mama mkwe na mimi tulisonga bukari ya sufuria kubwa, na sombe ya majani ya muhogo, na samaki wakavu, na watu ambao walikuwa wanasukumana kila alfajiri bila kujuana majina wakala mikono yao ikigusana kwenye sahani moja.

Na Deo? Deo alikuwa ameshika ubao ili Kyungu apige msumari. Kyungu akakosa msumari, akapiga hewa, nyundo ikaruka mpaka kwenye banda la kuku. Kuku wakatawanyika. Na nikasikia mume wangu anacheka. Alicheka mpaka akatafuta ukuta wa kushika. Rosalie alitoka jikoni mbio kuja kuona ni nani anacheka hivyo.

Kesho yake, Jumapili baada ya misa, ndiyo ilikuwa siku ya kupeleka jibu. Tulitoka kanisani, Deo amembeba Rosalie begani. Sikuuliza. Nilijizuia, na unajua mimi kujizuia si kazi yangu. Tulipofika karibu na nyumbani akasema, kama mtu anayezungumza na barabara, "Ile chumba, nimeiacha. Nitaambia mwenye nyumba atafute muntu mwingine."

"Juu ya nini?"

"Kyungu anataka nimusaidie kuchagua jina ya mutoto. Nikilala kule, tutaongea wakati gani?"

Basi, hayo ndiyo mapenzi ya wanaume. Nikayapokea hivyo hivyo.

Usifikiri kwamba safari ilikuwa fupi baada ya hapo. Njia ilibaki ile ile na vumbi lake, na masika matope yake. Lakini mtu aliyekuwa anashuka jioni alikuwa amekaa, amezungumza, wengine wameimba nyimbo za kwaya njia nzima kwa sauti mbaya. Alikuwa ananawa, anakunywa maji yake, nami nafunga mdomo mpaka kikombe kiishe. Halafu alikuwa ananiuliza, "Na weye, safari ilikuwa namna gani?" akimaanisha cherehani. Mara nyingine nilimjibu vibaya, kwa sababu zipo siku ambazo safari ni mbaya tu. Lakini aliuliza.

Miaka michache baadaye ikatokea nafasi ya fundi hapa hapa Likasi, mahali pa kwenda kwa miguu. Mshahara ulikuwa mdogo kuliko wa Kambove, na ndugu zetu wengine walituona wajinga. Tulikaa usiku kucha tukiongea, tukakubaliana nitaongeza kushona na tutapunguza mambo fulani. Tukapunguza kweli. Lakini Deo alikuwa anakuja kula mchana nyumbani, na watoto waliozaliwa baadaye walimjua baba yao mchana, uso kwa uso, akiwa macho. Hata leo yupo, mzee wa watu, ananigombeza juu ya chumvi.

Nakusimulia haya kwa sababu naona ninyi wa sasa. Mmoja anafanya kazi kwenye mgodi wa mbali, mwingine anakwenda Lubumbashi na kurudi. Mabasi yenu yana viti laini na vioo vyeusi, lakini mnashuka na uso ule ule wa lori. Kila mtu na simu yake, bega kwa bega, hamjuani majina.

Mwanangu, ukipewa kazi, usiulize mshahara peke yake. Uliza na njia. Uliza utatoka saa ngapi, utarudi ukiwa mtu wa namna gani, na nani atakuona ukiwa macho. Ile saa ya njiani haiko nje ya maisha yako; Mungu ameihesabu pamoja na nyingine zote, na wewe ihesabu. Kama huwezi kuifupisha, itengeneze. Mjue aliyekaa kando yako. Ukifika kwako, fika kweli kabla hujaanza kudai au kudaiwa, na umkumbuke yule aliyebaki nyumbani, maana naye amechoka kwa namna yake. Na siku ukipata njia fupi na mkate mdogo, usiwe mwepesi kuicheka. Kaa na watu wako, mzungumze, mpime pamoja.

Nenda sasa, mwanangu, usije ukaachwa na basi lako. Mungu akulinde kwenye kona zote za barabara, akupe wenzako wa safari wenye maneno mazuri, na kila jioni akufikishe mzima, mwili na moyo pamoja, watoto wako wakikimbilia mlangoni kukupokea. Amina.