Anza Kulia

Mohoro nzima hapakuwa na mwanamke mwenye ulimi mkali kama Sihaba, wala mwenye mikono ya upole kama yake mbele ya maiti. Akina mama waliokufa hapa aliwaosha yeye, hata wale waliokuwa hawamsalimii. "Nuneni weee," alikuwa akituambia, "mwisho mtalala mbele yangu kimya." Binti yake Nasra ndiye aliyemmiminia maji.

Basi akafa Maimuna, jirani yetu muuza vitenge. Alirudi safarini na homa, akatapika, fizi zikavuja damu. Mganga wa zahanati akapiga simu: "Msimguse! Tunahisi alikuwa na virusi."

Neno hilo ndilo lililotumaliza. Kwetu ukisema fulani ana virusi, umesema ana ukimwi, basi. Ndugu wa Maimuna wakainamisha vichwa kwa aibu. Sihaba akakasirika kwa niaba ya marehemu.

"Wenye virusi nimeosha wangapi mimi? Nimekufa?" Akavaa glavu zake. Nasra akaomba na yeye apewe. "Mikono yako ina kidonda? Haina. Mimina maji."

Kwa ukimwi alioujua, hakukosea sana.

Arobaini ya Maimuna haijafika, Nasra akashikwa na homa. Wakaja watu waliovaa plastiki mwili mzima, wakamlaza hemani nyuma ya zahanati, wakazungusha kamba. Daktari alimweleza Sihaba taratibu, akiwa amesimama mbali naye: hivi ni virusi vingine, vya homa ya Marburg. Vimo katika damu, matapishi na jasho la mgonjwa, na hata maiti yake huambukiza. Mkono ukivigusa, kisha ukajifuta jicho au mdomo, vimeshaingia. Dawa ya kuviua hawana, wanamtundikia dripu tu.

"Si mngevipa jina jingine!" Sihaba alifoka. Kisha akakaa mchangani. Tulitaka kumkumbatia, tukakatazwa, kwa kuwa naye alikuwa akichunguzwa. Tukabaki kumtazama kama wageni. Ilituuma mno.

Nasra alifariki Ijumaa. Sheikh akasema Mungu hamkalifishi mtu asiloliweza, ataswaliwa bila kuoshwa. Sihaba alisimama kwenye kamba akiwaangalia wakimpulizia mwanawe dawa kabla ya kumfungia kwenye mfuko. Walianzia mguu wa kushoto. Binti wa muosha maiti, aanzwe kushoto! Hilo hakuliweza.

"Kulia!" alipiga kelele. "Anza kulia, baba! Kulia kwanza!"

Mmoja wao akageuka. Ndani ya vazi lile, masikio yamezibwa, alidaka neno moja tu. Akamwinulia mkono kwa huruma.

"Lia, mama," alimwambia. "Lia tu."