Sauti ya Mama Katika Wimbo wa Mwisho

Mwanangu, kuna Jumamosi moja bado naiona wazi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, naishi na mama yangu mtaa wa Laeken, ghorofa ya tatu, na siku hiyo nilijibanza nyuma ya mlango wa jikoni, kinasa sauti mkononi.

Mama alikuwa akipiga pasi. Wiki nzima aliwaogesha na kuwalisha wazee wa Kibelgiji kwenye nyumba ya wazee. Jumamosi ilikuwa ya nguo zetu. Na kila aliposhika pasi alizungumza na Riziki, mdogo wangu, aliyefia njiani tulipokuwa tunakimbia vita kutoka Bukavu. Alimsimulia baridi ya huku, na nani kati ya watu wa kanisani amezaa. Halafu, kwa sauti ya chini zaidi, alimwomba msamaha kwa kumzika kando ya barabara bila hata shuka. Mama hakuwa amechanganyikiwa, usidhani hivyo. Ilikuwa namna yake ya kuendelea kuwa mama wa watoto wawili.

Nilinasa dakika nne. Nilijiambia: Riziki ni mdogo wangu pia, na mimi nina haki.

Wakati huo tulikuwa watatu katika bendi: mimi kwenye gitaa na sauti, Sofie kwenye besi, Bram kwenye ngoma. Tulipiga roki, ile isiyopigwa redioni kila siku, gitaa zinakwaruza, na maneno niliyaandika kwa Kiswahili. Albamu yetu ya kwanza tuliirekodi mtaa wa Auderghem, kwenye gereji ya Papa Joris, baba mkubwa wake Bram. Mzee huyo alifundisha miaka mingi shule ya misheni kule kwetu Kivu, na Kiswahili chake kilikuwa bado kizima. Wimbo wa mwisho ulikosa kitu. Nikaweka sauti ya mama mwanzoni, kabla gitaa haijaingia. Sofie alilia, ingawa hakuelewa hata neno moja.

Papa Joris aliingia na sinia ya kahawa, akasimama mlangoni mpaka dakika zile nne zikaisha.

“Huyu mama anasema na mutoto mwenye alikufa,” aliniambia. “Anajua kama munamusikia?”

“Anajua, papa.”

“Yeye mwenyewe alikubali?”

“Ndiyo, papa.”

Aliweka sinia chini, akanitazama kidogo, akatoka. Mwanangu, mlango ulikuwa wazi. Ningeweza kumfuata, nimwambie ukweli. Niliwasha gitaa.

Albamu ilipotoka, watu waliipokea kuliko tulivyotumaini. Magazeti mawili yaliisifu, na yote mawili yaliutaja wimbo wa mwisho. Tulialikwa kupiga kwenye ukumbi mmoja karibu na stesheni ya treni ya Gare du Nord, Jumapili mchana; sauti ya mama ilipotoka kwenye spika, watu mia tatu walinyamaza kama wako kanisani. Nilijiona mkubwa siku ile. Mama nilikuwa nimemwambia asije, kelele zingemuumiza kichwa.

Hazikupita wiki mbili, mama akarudi mapema kutoka kazini, bado amevaa sare. Hakuvua hata koti.

“Neema, leo nilikuwa nalisha maman moja muzee, radio inaimba. Nikasikia sauti yangu.”

Nilimvutia kiti.

“Ile maneno nilikuwa naambia Riziki. Weye, nilikuambia?”

“Maman, watu wanalia wakiisikia. Hata gazeti limeandika kwamba...”

“Banalia juu ya nini? Habajue hata jina yake.” Alikaa kwenye kiti, polepole. “Mimi nilimuacha kwa barabara, sikukuwa na namna. Na weye umemuacha kwa barabara tena.”

Jumamosi iliyofuata alipiga pasi kimya. Na iliyofuata hivyo hivyo. Nilikaa chumbani nikisubiri kusikia chochote. Nilisikia mvuke tu.

Niliwaambia wenzangu ukweli. Sofie alikubali papo hapo tuitoe sauti ile. Bram alikasirika, akasema ninaua kitu bora tulichowahi kutengeneza, na kwa kweli nadhani hakukosea. Albamu iliyotolewa upya, bila sauti ya mama, haikusifiwa na mtu. Aliyeandika juu yake alisema wimbo wa mwisho umebaki ganda. Bram aliondoka kwenye bendi kabla ya majira ya joto.

Nilikwenda pia Auderghem, nikamwambia Papa Joris kwamba nilimdanganya. 

“Mimi nilijua,” akasema. “Kwa macho yako nilijua. Nikanyamaza, juu ya wimbo ulikuwa muzuri. Basi kosa ni letu wawili.”

Mama alinisamehe, lakini si kwa siku moja. Karibu mwaka ulipita ndipo mezani, tunakula, akaniuliza kama nakumbuka Riziki alivyokuwa akicheka mpaka anapaliwa. Nilikumbuka. Tangu hapo tulimzungumzia pamoja, mimi na yeye. Ila yale mazungumzo yake na Riziki sikuyasikia tena mpaka mama alipofariki, na sijui kama aliyaendeleza mahali pengine au niliyakata kabisa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Ninayasema haya kwa sababu wewe unatengeneza muziki, au unaandika, au una simu inayonasa kila kitu. Maisha ya watu wako yatakupa mambo mazuri kuliko yote utakayoyabuni. Kabla hujayachukua, nenda ukaulize. Uliza mapema, na uulize kwa namna ambayo mtu anaweza kukukatalia na bado mkala pamoja. Akikataa, kazi yako itapungua uzuri, kubali ipungue. Na mtu akikuuliza swali la kweli, mlango ukiwa bado wazi, mjibu kweli.

Mungu akupe kazi ambayo utaweza kuiweka mbele ya mama yako bila kuinamisha macho. Akupe na watu wa kukuuliza, wasinyamaze. Uende salama, mwanangu.