Mwenye Kutoka Alete Mwenye Kuingia

Kuna watu wakisema wanaacha kazi, kazi yenyewe inashukuru Mungu. Papa Floribert hakuwa na bahati hiyo. Aliwafundisha wasichana wa taasisi moja ya juu kule Nguba, mjini Bukavu, mpira wa kikapu tangu enzi ambazo kikapu chenyewe kilikuwa pete ya chuma iliyopigiliwa kwenye mkalitusi. Sasa nguzo zilikuwa za kweli na kiwanja kilikuwa cha saruji, lakini goti lake la kushoto lilikuwa linalia kuliko mlango wa ofisi ya mhasibu. Alitaka kitu kimoja tu: arudi kwake Mudaka kabla ya mvua ya kwanza, apande maharage pamoja na mke wake.

Mke huyo, Maman Bintu, alikuwa ameteleza kwenye mteremko wa shamba msimu uliopita, kikapu cha mihogo mgongoni. Tangu siku ile mkono wake wa kuume haukupanda tena kupita bega. Kila mwaka Floribert aliahidi kuja kulima, na kila mwaka mashindano ya vyuo yaliangukia papo hapo kwenye majira ya kupanda, kana kwamba aliyeyapanga alikuwa na ugomvi na maharage. Bintu alipanda peke yake. Safari hii alizungumza kwenye simu kwa sauti ya chini, na mwanamke wa Mudaka akishusha sauti, ujue jambo limepanda.

"Floribert, miliolewa na wewe ao na ule mupira? Juu kama ni mupira, uniambie tu, niupikie bugali."

"Hii mwaka ninakuja, Maman Bintu. Kweli ya Mungu."

"Mvua haiulizaka kalenda ya bakubwa yako."

Ndivyo Floribert alivyopanda ngazi za ofisi ya mkurugenzi, DG Grégoire, goti likihesabu kila ngazi. DG alikuwa mtu mwenye tumbo la heshima, ambalo liliingia kwenye mikutano kabla yake. Alimsikiliza kocha wake hadi mwisho, akaguna, akachungulia dirishani kwenye ziwa kana kwamba jibu lingetokea huko na mtumbwi.

"Papa Floribert, hakuna mutu anakukatalia kupumzika. Lakini we mwenyewe unajua utaratibu. Hata kwangu nyumbani, mutumishi akitaka kwenda kwabo, analeta kwanza mwenzake, anamuonyesha sufuria, anamuonyesha batoto, njo anaenda. Mwenye kutoka alete mwenye kuingia."

"Monsieur le DG, mi si mutumishi wa nyumba."

"Nani alisema? Minasema tu utaratibu."

Kijana angebamiza mlango. Floribert alikuwa amechoka mno hata kwa kubamiza mlango. Aliufunga polepole, ukalia wenyewe. Lakini akishuka zile ngazi alikubali moyoni kwamba mji wote unaishi hivyo. Anayehama nyumba ya kupanga huleta mpangaji mwingine, na mama anayeacha meza yake sokoni humkalisha dada yake. Bukavu haiachi shimo likae wazi, maana shimo likikaa wazi mvua inaligeuza kuwa bonde.

Akaanza kutafuta.

Wa kwanza alikuwa David, aliyewahi kucheza vizuri kabla mashirika ya misaada hayajamchukua na kumfundisha kusema. Alikuja na viatu vyeupe kama meno ya mtoto. Badala ya kuwakimbiza wasichana, aliwakalisha chini akawaeleza habari za uimarishaji wa uwezo na maono ya pamoja, nusu Kifaransa, nusu hewa. Déborah, nahodha wa timu, msichana mrefu mwenye ulimi unaomzidi urefu, aliinua mkono.

"Papa David, samahani. Ile maono, tunaikamata na mukono moja ao mbili?"

Wenzake hawakucheka. Waliuliza pia, mmoja baada ya mwingine, kwa adabu inayotisha: maana ya neno hili, maana ya lile. David alifafanua hadi maneno yakamwishia. Kesho yake simu yake ilikuwa imezimwa.

"Hakuwa mutu wa jasho," Floribert alijisemea, asimlaumu mtu.

Wa pili alikuwa Nathanaël, mchungaji wa kanisa moja la Panzi, ambaye ujanani alikuwa mlinzi hodari chini ya kikapu. Yeye aliomba jambo moja tu, kwamba waanze kwa sala. Wasichana walikubali kwa moyo wote. Walisali kwa zamu. Waliombea taifa, wagonjwa, wajane, barabara ya Kavumu, samaki wa ziwani na wanaowavua. Nathanaël alisimama macho yamefungwa, jasho likimtoka bila kukimbia. Mchungaji atamkatizaje mtu sala? Walipofika "Amina" ya mwisho, jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya milima na mpira haukuwa umedunda hata mara moja.

"Batoto yako balijaa Roho, Papa Floribert," alisema akikusanya vitu vyake. "Hapa miye sina kazi."

Hapo Floribert angeshtuka, maana Déborah hakuwahi kuonekana kanisani ila kwenye harusi za watu, tena upande wa sahani. Lakini uchovu ni kama ukungu wa asubuhi juu ya ziwa: unaona mkono wako, huoni aliye mbele yako.

Mwezi wa nane ulikuwa umekonda. Mawingu yalianza kukaa juu ya milima ya Kabare bila kuondoka. Bintu alipiga simu kusema majirani wamekwisha kulainisha udongo, akakata kabla hajajibiwa.

Ndipo Floribert akamkumbuka Jean-de-Dieu. Huyu alikuwa mwalimu wa michezo kwenye shule moja ya sekondari, akikaa Kasha, kule mwisho wa Bagira. Mtu mpole, mwenye macho yanayoona mguu uliokosea kabla mguu wenyewe haujajua. Alikuja siku moja, akafanya mazoezi na wasichana tangu mwanzo hadi mwisho, na Floribert, akiwa amekaa kwenye benchi na goti lake kama wazee wawili, alihisi kitu kinalegea mabegani. Hakupiga kelele, mtu huyu. Alimshika Déborah kiwiko, akakirekebisha kidogo tu, na mpira uliofuata ukapita katikati ya pete bila hata kuigusa.

"Kesho unarudia?" Floribert alimuuliza.

"Ninarudia, Papa. Hapa iko kitu."

Mazoezi yalipokwisha, Déborah alimpelekea mgeni chupa ya sucré, soda ya rangi ya chungwa, kwa mikono miwili na magoti yamekunjwa kidogo. Floribert aliona heshima ile, akafurahi, akaenda kukusanya mipira. Siku hiyo alimpigia Bintu yeye mwenyewe.

"Ulete mbegu zote kwenye jua," alimwambia. "Ninakuja."

Kesho yake Jean-de-Dieu hakuja. Wala kesho kutwa. Simu iliita, ikaita, ikachoka pia.

Floribert alipanda pikipiki hadi Kasha, goti likiwa limenyooshwa upande kama bawa la bata. Alimkuta Jean-de-Dieu uani, na mke wake Colombe akichambua sambaza, dagaa wa ziwani, kwenye sinia. Walimpa kiti.

"Mwanangu," alisema Floribert, "kama sisi ni babaya, uniambie ubaya wetu. Mi ni mutu muzima, sitakufa."

Jean-de-Dieu alitazama chini. Colombe ndiye aliyeweka sinia pembeni.

"Papa, wewe ni Mushi kama sisi. Mutu anakuletea kinywaji ilishafunguliwa. Haonji. Anakupa tu, na benzake bote bananyamaza, banakuangalia mu kinywa. We ungekunywa?"

Mtoto yeyote wa nyumba za Bushi, nchi ya Washi, anajua: anayemkaribisha mtu kinywaji huonja yeye kwanza, ndipo mgeni ajue hakuna karuho ndani, ile sumu ya polepole inayosemwa kwa kunong'ona. Kuruka hatua hiyo si usahaulifu. Ni ujumbe, na Jean-de-Dieu aliusoma vizuri sana: hapa ukiingia, hutoki.

"Niliimwanga nyuma ya ukuta," Jean-de-Dieu alisema. "Papa, mi nilipenda ile kazi. Lakini niko na batoto."

Njia nzima ya kurudi Floribert hakukasirika. Aliwaza tu juu ya maono ya David na sala za Nathanaël, vikajipanga vyenyewe kichwani kama wachezaji wanaotafuta nafasi zao.

Aliwakuta wasichana kiwanjani, wakirusha bila yeye. Alikaa kwenye benchi. Walimwona uso wake wakaja mmoja mmoja, bila kuitwa.

"Mu ile chupa mulitia nini?"

"Hakuna, Papa!" Déborah aliruka. "Haki ya Mungu, ilikuwa sucré tu. Tulifungua tu."

"Ninajua ilikuwa sucré tu. Nani alikufundisha kutoonja?"

Mpira mmoja uliteremka peke yake hadi kwenye mfereji, na hakuna aliyeufuata. Kisha Déborah, yule wa ulimi mrefu, akaongea kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Papa, kwetu, mama akileta mutumishi mupya, tulikuwa tunatia chumvi mu chai yake. Anakimbia. Ule wa zamani anabakia. Tulisema... DG alisema usipopata mutu, hauendi."

"Basi mulinitilia chumvi mi."

"Hapana, Papa. Tulikutilia mulango."

Alitaka kucheka, akashindwa. Angeweza kuwakemea, maneno yalikuwepo, ya miaka mingi, yamepangwa vizuri. Akaona uvivu wa kuyanyanyua.

"Muko na mama yenu Mudaka," alisema. "Hamumujue. Mukono moja haipande. Kila mwaka wakati mi niko nabaonyesha namna ya kushika mupira, yeye iko napanda maharage peke yake. Hii mwaka atachimba na mukono moja, atatia mbegu na ule ule mukono. Mulifunga mulango muzuri sana, batoto. Sema yeye njo iko inje."

Msichana mmoja nyuma alianza kulia. Déborah hakulia. Alikuwa anatazama lile goti.

"Papa," aliuliza, "Maman Bintu anajua kutengeneza kasiksi?"

Bintu alijua. Nani Mudaka hajui kukamua ndizi? Aliposimuliwa yote kwenye simu alisema kitu kwa Mashi, lugha ya kwao, ambacho hakiandikwi, kisha akacheka hadi akakohoa. Dumu la pombe ya ndizi lilishuka na teksi ya sokoni, na ujumbe: "Waambie banywe bao kwanza. Bote. Hata mwenye hanywake."

Wakaenda Kasha timu karibu nzima, wamevaa sare za mechi kama wanaokwenda kuposa. Jean-de-Dieu alipowaona mlangoni alirudi nyuma hatua moja. Déborah hakuomba kiti. Alipiga magoti, akamimina kwenye kibuyu, akanywa mbele yake, akafungua mdomo kuonyesha kwamba imeshuka. Akampa anayefuata. Kibuyu kilizunguka. Mmoja asiyezoea alipaliwa, machozi yakamtoka, lakini akameza. Kilipomrudia, Déborah alimimina tena, anywe kwa ajili ya wenzake waliokuwa wagonjwa nyumbani.

"Eh, mama!" Colombe alidakia. "Mukionja vile, bwana yangu atakunywa nini?"

Hapo Jean-de-Dieu akacheka, akapokea kibuyu. Alikitazama. Alimtazama Floribert, aliyekuwa amesimama kando ya ukuta akishika goti. Akanywa.

"Lakini mazoezi inaanza asubuhi," alisema. "Na sala ni fupi; ya Nathanaël nilishaisikia."

DG Grégoire alipoletewa mtu wake aliridhika sana. "Si nilikuambia? Utaratibu!" alisema, na hata leo anaamini yeye ndiye aliyeifanya kazi yote.

Mvua ya kwanza ilinyesha Mudaka, ikatulia, ikaacha udongo ukinukia. Floribert alichimba, Bintu akafuata nyuma na bakuli kwapani, akidondosha mbegu kwa mkono wa kushoto. Mgongo wa Floribert ulikuwa unauma mahali papya, pasipojulikana kiwanjani.

Simu ikalia mfukoni. Ilikuwa Déborah.

"Papa, tumepigwa."

Aliweka jembe chini. Alisikia kelele za kiwanja nyuma ya sauti ile, na macho yake, wazi kabisa mbele ya mashina ya ndizi, yaliona mchezo wote: upande wa kushoto, mrushaji aliyeachwa peke yake, Déborah akichelewa kugeuka kama kawaida yake. Ulimi ulikwisha kuinuka. Akamwona Bintu amesimama, mbegu mkononi, anangoja. Hakumkunjia uso. Alikuwa anangoja tu, kama alivyozoea.

"Muulize kocha wenu," alisema.

"Iko hapa karibu, Papa. Iko nanyamaza tu."

"Basi, mumungojee amalize kunyamaza."

Akakata, akarudisha simu mfukoni, akainama kuchukua jembe. Goti likalia.

"Balipigwa?" Bintu aliuliza.

"Balipigwa."

"Pole yabo. Chimba, ile mawingu haiko ya mapambo."