Samova ya Akulina Msituni

Akulina Sidorovna alikuwa mfumaji katika kiwanda chetu cha nguo, pembezoni mwa Petersburg, na sauti yake ilizishinda mashine. Sauti hiyo ndiyo iliyomponza. Msimamizi alimkata mshahara mwenzetu kwa kukawia chooni, na Akulina akapanda juu ya marobota ya pamba, akamwambia mbele ya watu wote, "Siku ukiharisha wewe bwana, tutakukata nini?"

Tulicheka mpaka nyuzi zikakatika. Chini ya Kaisari wa Urusi, kicheko cha namna ile kilikuwa siasa. Wiki ileile Akulina akawekewa mpelelezi.

Jina lake lilikuwa Nikandr. Alikuwa kijana mwembamba mwenye koti la kola ya mahameli, na alisimama mbele ya bweni letu kutwa nzima akijifanya anasubiri mtu. Mtaa mzima ulimjua. Watoto walimwamkia kwa adabu, "Shikamoo bwana mpelelezi," naye akaitikia kabla hajajikumbuka.

Akulina alivumilia siku chache, kisha akamwendea akiwa na ndoo mbili za maji.

"Unaelekea ninakoelekea?"

"Mimi? Hapana, dada. Napita tu."

"Unapita tangu Jumatatu! Shika ndoo moja, upite vizuri."

Akashika. Tangu hapo akawa anambebea maji, kuni, hata pipa la kabichi ya chumvi. Sisi wanawake wa bwenini tukaanza kumwonea wivu Akulina, maana waume zetu hawakubeba hata kofia zao.

Mwezi wa Mei tulitaka kukutana msituni kuzungumzia saa za kazi na zile faini. Mikutano ilikatazwa, kwa hiyo tukasema tunakwenda kusherehekea siku ya jina la Akulina, yaani sikukuu ya mtakatifu aliyepewa jina lake. Sherehe bila chai si sherehe, na samova ya bweni, lile birika letu kubwa la shaba, ilikuwa nzito kama ndama. Nikandr akajitwika.

"Lakini dada," akauliza njiani, jasho likimtoka, "Mtakatifu Akulina si wa Juni?"

"Mwaka huu amewahi."

Nikandr akafikiri kidogo, akaendelea kubeba.

Mzungumzaji wetu alikuwa ndiyo kwanza amefika kwenye neno "bunge" tuliposikia kwato. Kosaki, askari wa farasi wa Kaisari, walitokea kati ya miti na mijeledi yao. Tukatawanyika kama kuku. Nikandr peke yake alibaki amekumbatia samova isimwagike.

"Mimi ni wenu!" akapiga kelele. "Mimi ni wa serikali!"

"Na mimi ni bibi harusi," alisema sajini, akamchapa mgongoni.

Akulina alikuwa ameshafika mbali. Akamwona Nikandr ameanguka, akarudi kumwinua, na hapo wakakamatwa wote wawili. Kituoni akaitwa mkubwa wa Nikandr amtambue. Yule bwana akamtazama kijana wake, akaitazama samova, akaona aibu itakayompata yeye.

"Simjui mtu huyu," akasema.

Basi Nikandr akawekwa mahabusu pamoja na wafanyakazi wenzetu waliokamatwa siku ile. Walimpisha alale karibu na jiko, wakampaka mafuta mgongoni, wakamweleza yote ambayo mzungumzaji hakuwahi kuyamaliza. Alitoka akiwa amekonda zaidi, na mwenye maswali mengi.

Akulina hakuachiwa hivihivi. Alifukuzwa mjini, arudi kijijini kwao Ryazan. Tukagoma, kiwanda kizima, mashine zikanyamaza mpaka tukawa tunasikia ndege nje. Faini za chooni zikafutwa, tukapewa na maji ya moto ya chai. Akulina hatukurudishiwa. Niliporudi kwenye mashine yangu nilililia pengo lake, kisha nikaona haya, maana huyo ndiye angekuwa wa kwanza kunicheka.

Siku ile Akulina alipoondoka, Nikandr alikuwa stesheni.

"Umetumwa?" Akulina akamuuliza.

"Na nani? Nimefukuzwa kazi."

"Sasa umefuata nini?"

"Nimezoea."

Akulina akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Haya, pandisha huo mzigo. Na wewe panda, usinisimamie mlangoni."

Baadaye mtu wa Ryazan alituambia kwamba wamefunga ndoa, na kwamba wakulima wa kijiji kile wamegoma kumvunia kabaila wao. Hakujua nani aliwachochea. Alichosikia yeye ni kwamba kuna mwanamke mmoja huko ana sauti kubwa sana.