Honi ya Baba Leonia

Pikipiki ya mzee Isdori haihitaji betri ili iwake. Ni zile ndefu za porini, za kupiga kiki, na fundi wa Kizwite alishamwambia wazi kwamba betri bado ina moto, ila vichwa vyake vimeota uchafu; aachane nayo, injini itaenda vilevile. Mafundi wa siku hizi wana haraka sana. Betri ndiyo inayolisha honi, na Isdori alikuwa anatafuta honi, si mwendo.

Miaka yote aliyokuwa bwana mifugo alishuka na pikipiki hiyo bonde la Rukwa kuchanja ng'ombe wa Wasukuma, akarudi nyumbani Izia akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Akifika kona ya mikaratusi alipiga honi mbili fupi na moja ndefu, na hapo mkewe, Luciana, alibandika maji ya ugali wa ulezi. Majirani waliwatania kwamba wana mtoto mkubwa, Leonia, na bado wanachumbiana kwa honi. Maisha yalikuwa matamu, tuseme ukweli.

Sasa Luciana amesahau. Alianza kusahau chumvi, yakafuata majina ya wajukuu, na tangu mavuno amesahau sura ya mumewe. Anamwona mzee mgeni, anamkaribisha kiti kwa heshima zote. Jioni anakaa kibarazani kumngoja Isdori arudi kazini, na Isdori ameketi pembeni yake. Inauma, wala hakuna namna nyingine ya kuisema. Mzee alibakiwa na tumaini moja tu, kwamba pengine sikio halijasahau.

Basi siku moja alifungua kava la ubavuni mwa pikipiki, akalegeza waya wa hasi kwanza kwa spana namba kumi, kisha wa chanya, akaitoa betri na kuiweka juu ya jiwe. Vichwa vilikuwa vimefunikwa na unga wa kijani na mweupe. Dawa yake aliijua. Luciana mwenyewe ndiye aliyeigundua zamani, aliposema kwamba magadi yanayolainisha maharage sugu hayawezi kushindwa na uchafu wa betri. Isdori akaingia jikoni, akafungua kopo la magadi, na kwa kuwa hajawahi kujua kupima kitu, akamimina yote.

Aliyakoroga kwa maji, akahakikisha vifuniko vya betri vimekaza, akaanza kusugua kwa mswaki mkuukuu. Povu likaumuka. Enzi zile Luciana alichuchumaa papo hapo, akiishika betri isiyumbe, huku akimsimanga kwa kumwaga magadi ovyo.

"Habari za kazi, fundi," Luciana alisema nyuma yake.

"Nzuri, mama."

"Hayo magadi umeyatoa jikoni kwangu?"

"Ndiyo. Unisamehe."

"Sasa mume wangu akirudi atakula maharage gani?"

Isdori alichota maji safi. Akaisuuza betri, akaikausha kwa kitambaa, akavipaka vichwa mafuta ya mgando, akairudisha mahali pake, chanya kwanza, hasi mwisho. Akapiga kiki, akaenda mpaka kona ya mikaratusi.

Pale alisita. Honi ikigoma, angeitengeneza tena. Ikilia na mkewe asiitambue, hakuwa na kingine cha kujaribu.

Akabonyeza. Mbili fupi, moja ndefu.

Alipoingia uani, moshi ulikuwa unatoka jikoni. Luciana alikuja na kata ya maji, akamnawisha mikono huku akimtazama usoni.

"Umechelewa, Baba Leonia. Maji yanachemka."

"Barabara mbaya, Mama Leonia."

"Maharage leo magumu, uvumilie. Kuna fundi alikuja hapa, mzee mmoja mpole, kanimalizia magadi yote." Akamfuta vumbi begani. "Akija tena usimgombeze. Anaonekana hana mtu."