Juu ya Jumatatu

Leonia wa Mwamgongo ana miaka arobaini na tisa. Zaidi ya ishirini kati ya hiyo ameitumia akianika dagaa kwenye ufuko uleule, akipigwa picha na wageni wanaopita kwa boti wakitoka hifadhi ya Gombe. Wakimuuliza kitu, anacheka. Wakipunga mkono, naye anapunga. Picha hazikumuuma. Kilichomuuma ni kule kuchekacheka kama mtu asiye na la kusema, na kijiji kizima kinajua kwamba kwa habari za dagaa Leonia hanyamazishwi.

Kwa hiyo kampuni moja ya utalii ya mjini ilipotangaza kwamba inatafuta mwanamke wa kuwapokea wageni ufukoni na kuwaeleza kazi ya dagaa, mwenye angalau Kiingereza cha kuombea maji, Leonia alikwenda siku hiyohiyo kwa Nehemia, mwalimu wa shule ya msingi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nina miezi mitatu kabla ya usaili, mwalimu. Nifundishe."

Nehemia akaanza na neno dogo kabisa: *on*. Akaweka chaki juu ya meza, akasema *on* ni juu ya. Leonia akafurahi. Dagaa juu ya kichanja, mtumbwi juu ya maji, kilemba juu ya kichwa. Wiki nzima alizunguka kijijini akipachika vitu juu ya vitu. Wiki ya pili mwalimu akamletea *on Monday*.

"Juu ya Jumatatu?"

"Siku ya Jumatatu, mama."

"Mwalimu, Jumatatu haina mgongo. Mtu anakaaje juu yake?"

Mambo yakazidi kuharibika. Taa ikiwaka ni *on*. Mtu akivaa shati, *on*. Akiambiwa asubiri, *on*. Akiambiwa aendelee, *on* hiyohiyo. Leonia akafunga daftari kwa hasira. "Neno hili halina kwao," alisema. "Linalala popote."

"Mama, unajuaje dagaa wa kugeuzwa?"

"Unawaangalia tu."

"Basi na hili uwe unaliangalia."

Tangu hapo kila asubuhi alikwenda kwenye vichanja na *on* moja, akiirudia huku akigeuza dagaa. Winfrida, jirani yake wa vichanja, akawa anamtania: "Leo umekuja na ipi?" Mbalamwezi ilipoingia na mitumbwi ya taa, inayovua gizani tu, ikalala nchi kavu, Leonia akatangaza kwamba mwezi uko *on*. Nehemia akamwambia Waingereza hawasemi hivyo.

"Kwa sababu hawavui dagaa," akajibu.

Siku ya usaili, Bi Yasmini wa ile kampuni alishuka kwenye boti na wageni wanne. Nehemia alikuwepo, ameshika daftari kama mtahiniwa ni yeye. Leonia alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Swali la kwanza, jina lake, alilijibu vizuri. La pili lilimtaka aeleze dagaa wanavyokaushwa. Akafungua kinywa, na hapo akaona wingu zito linateremka milimani.

Winfrida alikuwa amempeleka mjukuu zahanati, na vichanja vyake viwili vilikuwa vimejaa. Mwamgongo mvua ikija hakuna anayeuliza dagaa ni wa nani. Aliye karibu huanza na wa yule asiyekuwepo. Leonia alijua akiinuka kazi imemponyoka, na roho ilimuuma kwelikweli. Lakini kukaa kwenye benchi dagaa wa mwenzake waloe, hilo hakuliweza. Akainuka.

"*Come on!*" akawaita wageni, na wakaja. Mzee mmoja akakabidhiwa ncha ya turubai lililokuwa likipigwa na upepo. "*Hold on*," akamwambia. Msichana mwenye blauzi nyeupe akatupiwa aproni. "*Put on*." Mwanamke mmoja akasimama ili apige picha, na Leonia, aliyesubiri miaka ishirini kulisema hilo, akamwambia kwa upole: "*Camera no. Go on, go on.*"

Walizoa kichanja cha kwanza, wakazoa cha pili, kisha vya Leonia mwenyewe. Bi Yasmini alitupa karatasi ya maswali akabeba beseni. Mvua ilimwagika wakati gunia la mwisho likiingia chini ya turubai, nao wakajibanza humohumo wakicheka, wananuka dagaa hadi nywele. Leonia akawaeleza kwa maneno aliyokuwa nayo kwamba dagaa walioanza nao si wake, ni wa Winfrida, na kwamba hapa mvua ikija ndivyo wanavyoishi. Yule mzee akauliza, Leonia akajibu. Akaulizwa tena, akajibu tena, kwa makosa na bila woga.

Mvua ilipopungua Bi Yasmini akakamua kilemba chake. "*Can you start on Monday?*"

Leonia akamtazama Nehemia, aliyekuwa bado ameng'ang'ania ncha nyingine ya turubai.

"*On Monday*," akajibu, na safari hii hakuuliza mtu anakaaje juu yake.